Nyoka wa Majumbani: Gamba, Joto na Unyevu

Mara nyingi mgeni huyu hajulikani kwa kuonekana, bali kwa nguo aliyoiacha. Mama anahamisha gunia la mkaa nyuma ya nyumba, au kijana anatoa mbao kuukuu juu ya dari, na papo hapo inaonekana ngozi nyembamba, nyeupe, kavu kama karatasi, yenye umbo la nyoka kutoka kichwani hadi mkiani. Katika mtaa uliosongamana kama Kiwalani, karibu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, ambako nyumba za matofali na mabati zimepakana ukuta kwa ukuta, habari ya gamba hilo huenea kabla ya saa moja kupita. Vijana huja na fimbo na mapanga. Wengine husema nyoka ametumwa. Wengine humwagia mafuta ya taa kila tundu. Na ikiwa nyoka atapatikana, atauawa bila kuulizwa ni wa aina gani.

Hofu hiyo ina sababu. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 Shirika hilo liliingiza tatizo hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Pamoja na hayo, aghalabu nyoka aishiye ndani ya nyumba za watu hana sumu hata kidogo, na chakula chake kikuu ni panya. Makala haya yanaeleza maisha ya nyoka huyo, hasa mambo matatu yanayotawala uzima wake: kujivua gamba, joto la mahali alipo, na unyevu wa hewa. Maarifa hayo yanamfaa mwalimu au mtaalamu anayemtunza nyoka kwa kibali. Yanamfaa pia mwenye nyumba ambaye hatafuga nyoka maisha yake yote, lakini siku moja atalikuta gamba nyuma ya gunia.

Nyoka gani huyu?

Wataalamu wa elimu ya wanyama humweka nyoka wa majumbani katika jenasi iitwayo Boaedon. Vitabu vya zamani kidogo humtaja kwa jina la Lamprophis. Ana rangi ya kahawia au ya udongo mwekundu, na wengine huwa weusi kadiri umri unavyoongezeka. Tumbo lake ni jeupe lenye mng'ao kama wa lulu. Alama yake kubwa ni mistari miwili hafifu, myeupe au ya manjano, kila upande wa kichwa: mmoja hupita juu ya jicho, na mwingine hutoka chini ya jicho kuelekea pembe ya mdomo. Mboni ya jicho lake imesimama wima, kwa kuwa ni nyoka wa usiku. Wengi hawazidi mita moja, na majike huwa wakubwa kuliko madume.

Nyoka huyu hukamata mawindo kwa meno, kisha huyazungushia mwili na kuyabana mpaka yafe. Wadogo hula mijusi, hasa mjusi kafiri, na wakubwa hula panya. Jike hutaga mayai na kuyaacha mahali penye joto na unyevu, na makinda hujitegemea tangu siku ya kwanza.

Faida yake ni rahisi kuieleza. Panya huharibu unga, mchele na nguo, na hueneza maradhi. Mwezi Julai 2022, mlipuko wa maradhi uliotokea mkoani Lindi ulithibitishwa kuwa ni leptospirosisi, au homa ya mgunda, maradhi ambayo husambazwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Watu 3 walikuwa wamefariki ulipotangazwa. Nyoka mmoja hawezi kumaliza panya wa mtaa mzima. Hata hivyo, anaweza kuingia ndani ya mashimo yao, mahali ambapo paka hafiki.

Kufuga nyoka si jambo geni

Wako wanaodhani kuwa kutunza nyoka ni desturi ya Wazungu peke yao. Sivyo. Miongoni mwa Wasukuma kimekuwako kwa vizazi vingi chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka, ambao huwakamata, huwatunza, hucheza nao ngoma na huwatibu watu walioumwa. Ngoma ya chatu bado huchezwa katika sherehe za Bulabo za mwezi Juni, na habari za vyama hivyo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza. Upande wa kusini, C. J. P. Ionides (1901–1968), aliyekuwa bwana nyama wa Liwale na baadaye mkazi wa Newala, alikamata maelfu ya nyoka hai kwa ajili ya majumba ya makumbusho na ya wanyama, hata wenyeji wakamwita Bwana Nyoka.

Ugeni uko katika vitabu. Miongozo mingi ya kutunza nyoka wasio na sumu iliandikwa Ulaya na Marekani, na mara nyingi nyoka anayezungumzwa ni yule mwenye mistari mirefu ya manjano mgongoni, wa jenasi Thamnophis, aliye wa kawaida sana katika Amerika ya Kaskazini. Yeye hula nyungunyungu, vyura na samaki, huzaa watoto hai badala ya mayai, na hupenda kukaa karibu na maji. Katika sehemu iitwayo Narcisse, jimboni Manitoba nchini Kanada, makumi ya maelfu ya nyoka hao hujikusanya katika mapango ya mawe ya chokaa na kulala humo majira yote ya baridi, kisha hutoka kwa pamoja barafu inapoyeyuka.

Ni dhahiri kuwa ushauri unaomfaa nyoka huyo haumfai moja kwa moja nyoka wa Kiwalani. Mfugaji wa Kanada huogopa baridi na hewa kavu ya chumba kinachopashwa moto, kwa hiyo kitabu chake kinamwagiza anunue taa za joto. Mtu wa Dar es Salaam akifuata agizo hilo bila kufikiri, atamuua nyoka wake kwa joto. Lililo la lazima ni kuelewa kanuni yenyewe, kisha kuitumia kulingana na mahali.

Jinsi nyoka anavyojivua gamba

Ngozi ya nyoka ina tabaka mbili kubwa. Ya ndani ni hai, ina mishipa ya damu na ndiyo yenye sehemu kubwa ya rangi. Ya nje imeundwa kwa keratini, kitu kile kile kinachofanya kucha na nywele za binadamu. Tabaka hiyo ya nje imekufa, hivyo haiwezi kukua. Kwa kuwa nyoka huendelea kukua kwa muda mrefu, na kwa kuwa hutambaa kwa tumbo juu ya mawe na saruji, vazi hilo humbana na kuchakaa. Hana budi kulibadili.

Kazi huanza kimya kimya. Chini ya tabaka kuukuu, seli hugawanyika na kujenga tabaka mpya iliyo kamili. Wakati huo nyoka ana nguo mbili, moja juu ya nyingine. Kisha majimaji hupenya katikati ya tabaka hizo na kulegeza viungio vyake. Hapo ndipo dalili huonekana: rangi hufifia, tumbo hupata wekundu au weupe wa maziwa, na macho hugeuka kuwa na ukungu wa samawati. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu kama kioo cha saa, na gamba hilo nalo hubadilishwa pamoja na ngozi nyingine. Kwa siku kadhaa, aghalabu tatu hadi saba, nyoka haoni vizuri. Hujificha, hukataa chakula, na hata aliye mpole anaweza kuuma kwa sababu ya woga.

Baadaye macho hung'aa tena. Asiyejua hudhani kuwa hatari imepita, kumbe kujivua kwenyewe bado. Siku chache baadaye nyoka husugua pua na midomo kwenye kitu chenye makwaruzo, ngozi hupasuka mdomoni, naye hutambaa mbele na kuiacha ikijipindua nyuma yake, kama soksi inavyogeuka ndani nje inapovuliwa. Nyoka mwenye afya huivua yote katika kipande kimoja. Makinda, kwa kuwa hukua upesi, hujivua mara nyingi zaidi kuliko wakubwa.

Gamba lililoachwa lina habari nyingi kwa anayejua kulisoma. Kwanza, ni refu kuliko nyoka mwenyewe, kwa sababu ngozi iliyokuwa imekunjamana kati ya magamba hunyooka wakati wa kuvuliwa. Nyoka anayekisiwa kwa gamba lake peke yake hukuzwa kuliko alivyo. Pili, gamba karibu halina rangi, kwa hiyo weupe wake si dalili ya nyoka mweupe wa ajabu. Tatu, magamba ya mgongo ya kifutu yana mwinuko mwembamba katikati, nao huonekana hata kwenye ngozi iliyovuliwa, ilhali magamba ya nyoka wa majumbani ni laini. Lakini hapa inatakiwa hadhari kubwa: swila na koboko nao wana magamba laini. Gamba laini halithibitishi kuwa nyoka hana sumu, na uamuzi ni wa mtaalamu.

Joto

Nyoka huitwa mnyama wa damu baridi, jina ambalo si sahihi sana. Juani damu yake huweza kuwa na joto kama la binadamu. Tofauti ni kwamba hatengenezi joto lake mwenyewe kwa kiasi cha kutosha, bali hulikopa kutoka nje. Akitaka joto, huenda penye joto, na akitaka kupoa, huenda kivulini. Hivyo ndivyo anavyoweza kukaa wiki mbili kwa mlo mmoja, kwa sababu hachomi chakula ili kuupasha mwili moto.

Deni hilo lina masharti. Usagaji wa chakula, mwendo wa damu, nguvu za kupambana na vijidudu, na hata ujenzi wa ngozi mpya, vyote hufuata joto la mwili. Kwa kadirio la jumla, kasi ya kazi hizo huongezeka mara mbili au zaidi joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Sentigredi. Nyoka aliyemeza panya kisha akawekwa mahali pa baridi hushindwa kumsaga, na panya huweza kumwozea tumboni. Nyoka wa majumbani hustawi penye nyuzi 25 hadi 30, na usiku huvumilia zikipungua kidogo. Zikipita 35 huanza kutaabika, na zikikaribia 40, asipopata pa kukimbilia, hufa.

Hewa ya Dar es Salaam kwa hiyo humfaa bila msaada wowote. Mchana wa Januari na Februari joto hufika nyuzi 32 hivi, na alfajiri za kipupwe, mwezi Julai na Agosti, hushuka hadi 18 au 19. Taa ya joto haihitajiki. Mtu aishiye Njombe au Lushoto ndiye atakayefikiria kumpasha nyoka moto wakati wa baridi. Hatari ya Kiwalani iko juu ya dari. Bati linalopigwa na jua la saa saba huwa la moto hata halishikiki, na chumba kisicho na dari wala dirisha la pili huwa na joto zaidi ya hewa ya nje. Tena hewa ya moto hupanda juu. Sanduku lililowekwa juu ya kabati liko mahali pabaya kuliko lililo karibu na sakafu ya saruji. Sanduku la kioo likiachwa juani, hata kwa nusu saa, hugeuka kuwa tanuri.

Kanuni iliyo bora ni kumpa nyoka uchaguzi. Sanduku liwe na upande mmoja wa joto zaidi na upande mmoja wa baridi zaidi, na mahali pa kujificha kila upande. Asipopata mafichoni upande wa baridi, atabaki kwenye joto kwa sababu tu ndiko kuliko na giza. Kipimajoto kiwekwe pale nyoka anapolala, si ukutani.

Unyevu wa hewa

Wengi watashangaa kusikia kuwa katika mji wa pwani, ambako nguo hukauka kwa shida wakati wa masika, nyoka anaweza kuteseka kwa hewa kavu. Hesabu ndogo itaeleza.

Hewa ni kama chombo kinachopanuka kadiri kinavyopashwa moto. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke wa maji kabla haijashiba. Kwenye nyuzi 32 huweza kubeba gramu 34 hivi, na kwenye nyuzi 38 gramu 46 hivi. Unyevu wa hewa unaotajwa kwa asilimia hulinganisha mvuke uliopo na ule ambao ungeishibisha hewa hiyo. Hewa ya asubuhi yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80 ina gramu 18 hivi za mvuke. Hewa hiyo hiyo, bila kupoteza hata tone, ikipashwa hadi nyuzi 32, unyevu wake unakuwa asilimia 53 tu. Ikiwa chini ya bati na kufika nyuzi 38, unakuwa asilimia 39. Maji hayakupungua, ila chombo kimekuwa kikubwa. Hewa ya namna hiyo hunyonya unyevu kutoka kila kitu kilicho karibu, ikiwamo ngozi ya nyoka.

Hapo ndipo joto, unyevu na gamba vinapofungamana. Yale majimaji yaliyo kati ya ngozi kuukuu na mpya ndiyo yanayoziachanisha. Hewa ikiwa kavu mno, au nyoka akiwa na kiu, ngozi kuukuu hukauka na kushikamana na mpya, kisha hutoka vipande vipande. Vipande vinavyobaki mkiani hukaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haipiti, na ncha ya mkia hufa. Vinavyobaki machoni humzuia kuona.

Ziada nayo ni mbaya. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, sanduku lisilopitisha hewa hupata ukungu, na nyoka anayelala siku nyingi juu ya kitu kibichi hupata vidonda na malengelenge ya tumbo. Kwa kawaida unyevu wa asilimia 50 hadi 60 hutosha. Macho yanapoingia ukungu, nyoka apatiwe pembe moja yenye unyevu zaidi, wa asilimia 70 au 80, huku sehemu nyingine ikibaki kavu.

Matunzo katika mazingira ya mjini

Chombo kinachohitajika si cha gharama. Kwa nyoka mmoja mkubwa, sanduku la mbao au la plastiki lenye urefu wa sentimita 75 na upana wa 40 latosha, mradi lina matundu madogo ya hewa pande mbili na mfuniko unaofungwa kwa kitasa. Nyoka hupita penye upenyo wowote ambao kichwa chake kinapita. Sakafuni patandikwe magazeti, ambayo hubadilishwa kila yanapochafuka.

Maficho yaliyo mazuri kuliko yote yanapatikana jalalani: nusu ya chungu cha udongo kilichovunjika. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji. Chungu kikiloweshwa, maji hutoka polepole kama mvuke, hewa iliyo chini yake hupoa na kuwa na unyevu, kwa kanuni ile ile inayopoza maji ya mtungi. Ndani yake pakiwekwa konzi ya usumba wa nazi ulioloweshwa na kukamuliwa, nyoka anayejiandaa kujivua atakuwa amepata alichohitaji. Usumba huo ubadilishwe kila wiki. Chicha isitumike kamwe, kwa kuwa huoza upesi na kuita sisimizi.

Bakuli la maji safi liwemo daima, zito lisiloweza kupinduka, na pana kiasi cha nyoka kujikunja ndani. Jiwe lenye makwaruzo au kipande cha gogo kiwepo ili apate pa kusugulia pua.

Chakula ni panya mmoja kila baada ya siku 7 hadi 14, asiye mnene kuliko sehemu nene ya mwili wa nyoka. Panya huyo awe amekwisha kufa, kwa sababu panya hai aliyebanwa pembeni humng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Panya wa mtaani hafai. Huenda amekula sumu ya dukani, na sumu nyingi za panya hubaki katika mzoga na kumdhuru kila anayeula, awe nyoka, bundi au paka. Baada ya kula, nyoka asishikwe kwa siku mbili.

Adui asiyetajwa katika vitabu vya ng'ambo ni siafu. Nyoka aliye huru huwakimbia, aliyefungiwa hawezi, na kundi la siafu humuua kwa usiku mmoja. Dawa yake inajulikana kwa kila aliyewahi kulinda kabati la chakula: miguu ya meza isimamishwe ndani ya makopo ya maji, na juu ya maji yadondoshwe mafuta kidogo ili mbu wasizaliane.

Gamba linapokataa kutoka

Jambo la kwanza ni kutovuta. Ngozi mpya ni laini, na kuvuta kipande kilichoshikamana ni kuichana. Nyoka awekwe katika chombo chenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, yasiyozidi unene wa mwili wake, kwa dakika 20 au 30, huku akiangaliwa muda wote asizame. Kisha aachwe atambae katikati ya mikunjo ya taulo iliyoloweshwa. Mara nyingi vipande hutoka vyenyewe. Visipotoka, kazi irudiwe kesho yake.

Gamba la jicho lisiguswe kwa kucha wala kwa koleo. Wengi waliojaribu kulibandua walibandua na gamba jipya lililo chini yake, na jicho likakauka na kupofuka. Unyevu wa kutosha wakati wa kujivua kunakofuata huliondoa gamba la kale mara nyingi. Tatizo likijirudia, hapana budi kutafuta chanzo: bakuli la maji ni kavu, sanduku liko chini ya bati, nyoka ana utitiri uliojificha chini ya magamba, au ni mgonjwa. Daktari wa mifugo aulizwe.

Usalama, afya na sheria

Nyoka, hata asiye na sumu, hubeba bakteria waitwao Salmonela matumboni mwake bila kuugua, nao humletea binadamu kuhara na homa. Yeyote amshikaye nyoka, au bakuli lake, anawe mikono kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe penye vyombo vya chakula. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimguse.

Kuhusu sheria, nyoka wa Tanzania ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha mamlaka za wanyamapori kabla ya kumkamata au kumfuga mnyama wa mwituni, na mwezi Mei 2016 Serikali ilisimamisha biashara ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kijana anayekamata nyoka ili amuuze anahatarisha uhai wake na pia anavunja sheria. Shule au chuo kinachotaka kutunza nyoka kwa mafunzo kianze kwa kuomba kibali.

Na hata nyoka anayefanana na huyu aliyeelezwa asishikwe na asiyejua. Yuko nyoka mfupi mweusi wa ardhini, wa jenasi Atractaspis, ambaye gizani hufanana na wa majumbani. Meno yake hutokeza ubavuni mwa mdomo, kwa hiyo humchoma hata anayemshika nyuma ya kichwa. Nyoka aonekanapo ndani, watu watoke, watoto waondolewe, mlango wa nje uachwe wazi, na mtaalamu au ofisi ya wanyamapori ijulishwe. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe, na apelekwe hospitali haraka. Kuchanja, kufyonza damu, kufunga kamba kwa nguvu au kubandika jiwe jeusi hakuondoi sumu, bali hupoteza muda ambao ungeokoa maisha.

Hitimisho

Kwa mwenye nyumba wa Kiwalani, gamba lililokutwa nyuma ya gunia ni barua inayosomeka. Linasema kuwa nyoka alipita hapo, kwamba alipata joto na unyevu vya kutosha, na kwamba huenda kuna panya wanaomlisha. Jibu la barua hiyo si panga. Ni kuziba matundu ya ukuta, kuondoa rundo la mbao na matofali uani, kufunika takataka, na kuweka unga mahali ambapo panya hafiki. Panya wakiondoka, nyoka hana la kumweka.

Na kwa mwalimu mwenye kibali na sanduku lake, somo ni kubwa kuliko nyoka mwenyewe. Mwanafunzi anayepima unyevu asubuhi na mchana, akaandika siku macho yalipoingia ukungu na siku gamba lilipotoka, amejifunza fizikia, kemia na elimu ya viumbe kwa mnyama mmoja. Siku atakapolikuta gamba nyumbani kwao, atajua la kufanya, na ataweza kuwaeleza majirani waliokwisha kushika fimbo.